Viti Arobaini

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi
navipanga viti arobaini katika ghala hili
ambamo watu wa Oulu waliweka mapipa ya lami;
kiangazi kuta za mbao bado hutoa jasho jeusi.
Leo ni Novemba. Hakuna jasho.
Saa tisa alasiri jua lilikuwa limeshajiondokea
kama mgeni asiyependa kusumbua.

Watu huja kusimulia walivyoshindwa.
Kiingilio euro tano, kahawa ya bure,
buti zao huacha vidimbwi vya theluji,
na deki hupiga mimi.

Nimesikia mengi nikiwa nimeegemea ufagio.
Aliyefilisika mara mbili, sasa ana hoteli.
Aliyefukuzwa shule, sasa anawafundisha waliomfukuza.
Kushindwa kwao kumepigwa pasi,
mikunjo imenyooka, vifungo vinang'aa,
na mwishoni haikosi ngazi,
na juu ya ngazi yupo yeye, anatupungia mkono.
Tunapiga makofi. Nami hupiga,
ufagio ukiwa kwapani.

Kisha akapanda Tellervo Kinnunen.

Hakuwa na picha za kuonyesha ukutani.
Alishika kipaza sauti
kama mtu aliyekabidhiwa samaki hai.
"Nilikuwa na duka la mikate, mtaa wa nyuma ya reli.
Tanuri niliagiza Ujerumani.
Mdhamini alikuwa kaka yangu, Urho.
Aliweka rehani nyumba yake, ile yenye sauna
aliyoijenga kwa mikono mwaka aliozaliwa binti yake."

Akanyamaza.
Sisi watu wa huku tunajua kunyamaza,
tumelelewa nako, tunakula nako mezani,
lakini kimya kile kilikuwa cha ukoo mwingine.
Mtu mmoja akaacha kukoroga kahawa.

"Barua za benki nilizificha chini ya gunia la unga.
Nainua gunia, naweka barua, narudisha gunia.
Urho alikuja kila Jumamosi kununua mkate mweusi
nami nilimpa bure,
nikimwangalia anavyoshukuru."

Kijana wa nyuma akacheka.
Labda alidhani ni mzaha, labda aliogopa.
Tellervo akamtazama bila hasira:
"Ndiyo. Hata mimi, hapo huwa nacheka."

Jouni, mshereheshaji, mwenye karatasi ya maswali yaleyale,
akauliza lile la mwisho:
"Na ulijifunza nini?"

Kuvunjika kwa koleo, husemwa, si mwisho wa uhunzi.
Jibu hilo tulikuwa tumeshalishika mkononi,
watu thelathini na kitu, tayari kumpa.
Lakini kwake koleo lilivunjika na uhunzi ukaisha,
moto ukazimwa,
na mhunzi akaajiriwa kupanga maziwa
dukani kwa mtu mwingine.

"Nimejifunza," akasema, "kwamba simu ya Urho
huita mara nane kabla ya kukatika."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mama mmoja mwenye kofia ya sufu
akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani,
akakipangusa kwa kiganja,
na Tellervo akashuka, akaketi pale.

Ndiyo yote. Wameondoka. Nakunja viti.

Ninayo yangu pia.
Miaka sita sasa navisimulia viti hivi,
navyo husikiliza vizuri mno, havikorogi kahawa.
Inahusu mlango wa nyumba yetu, usiku wa Februari,
komeo kwa ndani, mkono wangu juu ya komeo,
na baba yangu nje, amelewa, anagonga.
Kwa viti, asubuhi yake baba huacha pombe.
Kwa viti, tunakunywa chai pamoja, tunacheka,
nami nashuka jukwaani taratibu,
kama niliyewaachia watu kitu.

Leo nilifika penye asubuhi
nikanyamaza.
Baba akabaki nje.

Kiti cha mwisho sikukikunja.
Nikapiga deki kukizunguka.