Jina la Pili

Niliwaumba viumbe wa sayari ya Zurumbi:
magamba ya chuma, macho sita,
kitoto hakipewi maziwa kabla hakijaonja damu.
Lugha yao haina neno la jirani.
Nilijivunia hilo.
Kurasa mia mbili nimeziandikia Umoja,
umeme ukipotea, ukirudi.

Nikampelekea Furaha Nyirabashali, mpiga chapa wa River Road,
aliyefika kutoka Rutshuru na cherehani isiyo na sindano.
Akapiga, akapiga, akanyamaza.

"Hawa wako, nani huwafulia?
Damu yote hii, na hakuna ndoo hata moja.
Na kwa macho hayo sita, adui humjuaje?"

"Kwa harufu," nikasema. "Kwa rangi ya magamba."

Akacheka kama anayekohoa.
"Kwetu waliuliza jina.
Aliyeuliza nilikuwa nikimkopesha chumvi."

Mashine ya kunakili ikanguruma mlango wa pili.
Nami nikarudi Mathare, Januari ile,
miaka kumi na minne, panga la baba mkononi,
kizuizi cha matairi,
nikimuuliza fundi wa viatu vyangu vya shule:
Jina lako la pili nani?

Alitazama viatu kwanza.
Ndipo akajibu.

Nimefuta magamba.
Nimefuta macho manne,
yamebaki mawili, kama haya.
Sayari nimeiacha bila jina,
ina mabati, ina mtaro, ina shule.

Kitabu kimepungua.
Furaha hutoza kwa ukurasa;
amenirudishia chenji,
akaihesabu mara mbili
bila kuniangalia.