Ganda

Oulu, Januari, saa tisa usiku.
Mto umeganda, mafuta ya magari yameganda,
na skripti inayopima barafu chini ya daraja
nayo imeganda,
nayo imeandikwa kwa ganda.
(Kifini hakina mzaha huu. Nimeuongeza mimi.)

Vuokko Kemppainen, soksi mbili mbili,
anasoma mistari ya marehemu Tauno.
Mtumaji alituma namba: kumi.
Mpokeaji alitega jina.
Kwenye mashine ya zamani jina na namba
vilikuwa kitu kimoja, mtu na kivuli chake adhuhuri.
Kwenye mashine mpya, iliyofungwa Jumanne,
kumi ni ishara nyingine kabisa,
na aliyeipokea alianguka bila neno.

Bila kuaga. Hapo ndipo penye shida:
Tauno aliamini mtego wa kutoka
hufyatuka hata kwa anayesukumwa.
Ganda moja hufanya hivyo. Jingine humhesabu
aliyetoka kwa miguu yake tu.
Basi kufuli likabaki mlangoni,
na kila saa nakala mpya huja, hugonga, hungoja.

Anaandika upya. Majina matupu,
yamevuliwa SIG kama kofia sebuleni:
HUP, INT, TERM, kila moja na mtego wake.
Usingizi wa sekunde sitini anaupeleka nyuma,
ganda lenyewe likae macho kuungoja,
maana ganda lililoshikwa na mwana halisikii hodi.
Na mtego ukishafagia, ujitegue,
kisha ujitumie ishara ileile iliyokuja,
ili mzazi asiambiwe "ameondoka salama"
ilhali mwana ameuawa.

Anajaribu kwenye maganda manne. La tatu linanuna
kwa sababu ya nukta-mkato moja. Kahawa imepoa.

Ya tisa haitegwi.
Hiyo kila mtu anaijua hapa, tangu Novemba,
walipoikuta miwani ya Tauno juu ya kibodi
na redio inaendelea kusoma hali ya hewa
ya bahari ambayo hakuna aliyekuwa akiisafiria.

Limebaki faili la kufuli. Analifungua.
Namba ya mchakato usiokuwepo,
na chini yake maneno aliyoagiza Tauno
yaandikwe kila mara:
*Niko ndani. Ngoja kidogo.*

Anaandika amri ya kufuta.
Kidole kinakaa juu ya kitufe.
Kinakaa.

Saa kumi kasorobo. Barafu:
sentimita hamsini na nane.