Ishirini ya Shaame

Shaame karudi Wete na noti mbili za kumi,
zimekunjwa ndani ya leso.
"Ishirini yako, Bi Time. Nilikopa
dola ikiwa shilingi saba."

Bi Time akazitia kwenye mizani ya duka:
hazikuinua hata konyo moja.

Ishirini ile ilikuwa doti ya kisutu,
sukari, na chenji ya kurudi nayo Limbani.
Leo hata peremende haiji.

Hakucheka.
Akafunua daftari, kurasa zimeliwa na mende,
akamwonyesha mstari wa herufi za Kiarabu:
Shaame, karafuu, pishi nne, kavu.

"Rupia ilimfia bibi yangu mkononi,
kasha zima.
Mimi, Shaame, sikuandika pesa."