Madirisha Saba ya Bi Drahomíra

Simu ililia saa tatu asubuhi, Ostrava,
theluji ya Februari imeshapakwa masizi
kabla haijagusa lami.
"Kitufe chako," akasema Bi Drahomíra,
karani wa mthibitishaji wa hati za mirathi,
"kitufe chako kimepagawa."

Nikapanda tramu namba nane,
begi la kompyuta magotini, midomo ikinicheza,
najitetea bila hakimu:
ni kitufe kimoja tu nilichomtengenezea,
chekundu, juu ya kila barua pepe,
kwenye mwambaa wa zana, kando ya "Tuma":
Piga Muhuri.
Ukikibofya, barua inapata tarehe, namba, nembo, inaondoka.
Kwangu kilifanya kazi.
Kwangu mimi, ninayefungua dirisha moja kwa wakati.

Yeye ana saba.
Niliyahesabu nimesimama nyuma ya kiti chake,
koti bado linachuruzika:
la shamba, la talaka,
la ndugu wawili wanaogombea karakana,
saba, yamelaliana kama vigae,
na juu ya kila dirisha mwambaa wangu,
na juu ya kila mwambaa kitufe changu,
na vitufe vyote hivyo, hapo ndipo nilipoona haya,
nilikuwa nimevipa jina moja.

Alibofya kimoja.
Vikaitika vyote.
Barua ya mjane Hedvika Šindelářová
ikaondoka mara saba kwa dakika moja,
nyumba ni yako, nyumba ni yako, nyumba ni yako,
kama kengele ya kanisa iliyokatika kamba.

Nikaketi. Dawa yake si ngumu kuieleza,
ni ngumu kuivumilia:
kila dirisha linapozaliwa, lipe namba,
lipe mwambaa wake,
na kitufe chenye jina ambalo jirani hana.
Kisha teua mlinzi wa kukishika mkono,
maana mfagizi wa kumbukumbu hupita bila hodi,
na kitufe kisichoshikwa
hubaki pale pale, chekundu, kinang'aa,
unakibofya, kimya,
unakibofya tena, kimya,
mlango uliochorwa ukutani.

Na dirisha likifungwa, liachie.
Hapa wengi huteleza, nami nimeteleza miaka.
Mwenyewe ameshaondoka,
wewe bado umekumbatia nafasi yake,
na ikifika jioni mashine inahema
kama mzee kwenye ngazi.

"Mbona huyafungi?" nikamuuliza.
Akaniwekea chai ya limau karibu mno na kibodi.
"Usiku nayafunga. Mchana,
kila moja ni mtu aliyekaa kwenye benchi pale nje.
Utamfungia mtu mlango kwa sababu yuko mwingine?"

Saa nane tukajaribu.
Saba wazi. Akabofya la tatu: la tatu likaitika,
mengine yakatulia, yanangoja zamu.
Akalifunga. Akafungua jipya.
Likapewa namba nane.
"Kwa nini si tatu? Tatu iko wazi."
"Namba ya aliyeondoka hairithiwi, Bi Drahomíra."
Akanitazama juu ya miwani, miaka thelathini ya mirathi machoni,
akasema, "Afadhali kitu kimoja."

Kabla ya kuondoka nilimpigia mjane
kumwomba radhi kwa zile barua sita za ziada.
Kulikuwa na redio nyuma yake, na mbwa.
"Radhi ya nini, kijana?
Ya kwanza nilidhani ni utani wa shemeji zangu.
Ya pili nikatafuta miwani.
Ya nne nikaketi.
Ya sita ndiyo nililia.
Ya saba ilipoingia
nilikuwa nimeshavaa buti, naenda kununua kitasa kipya."

Kwenye daftari la kazi nikaandika:
kosa limeondolewa.
Tramu ikachelewa.
Nikaongeza, kwa penseli,
kwa huzuni kidogo.