Daftari la Gari Jeupe

Ukurasa wa kwanza nimeandika: rejeta, Mabatini,
elfu themanini, na soda mbili za mafundi.
Wa pili: koili. Wa tatu: koili tena,
jirani ya ile ya kwanza,
maana hazifi siku moja kama wapenzi wa hadithi.
Lilitua kwetu Nyakato bado linanukia Japani,
na kila tulipowasha, sauti ya mwanamke
ilisema maneno tusiyoyajua.
Tulidhani anatusalimia.
Sasa naona alikuwa anatuonya.

Mlima wa Bugando lilikuwa linaupanda kwa kuahirisha.
Kwenye kona taa ya injini inawaka, ya chungwa,
haizimi hata ukiisihi,
na Ndalahwa, mume wangu, anaipiga dashibodi kofi
kama mtu anayemwamsha mlinzi.
"Halina pumzi," anasema.
Pumzi! Mimi ni mhasibu wa dagaa, najua kinachopungua.
Pumzi lilikuwa nayo. Lilichokosa ni neno:
kusema nitafika, likafika.

Jumatatu moja akaja na boksi la kamba ya katani,
amelikumbatia kuliko alivyombeba mwanetu
siku tuliyotoka wodi ya wazazi.
Ndani, konokono wa fedha.
"Supachaja," akasema kwa sauti ya chini,
kama anayetaja jina la mkwe.
Mkanda unaizungusha, inavuta hewa,
inaishindilia kwenye silinda
kama mama anayemlisha mtoto aliyekwisha kushiba.
Bei yake sikuiandika. Niliacha mstari mtupu
nikauwekea alama ya kuuliza.

Fundi Lugembe alifuta mikono kwenye suruali.
"Kaka, moyo huu umetembea kilomita laki mbili na ushee.
Gasketi imechoka, pampu ya maji inalia,
na wewe unataka kuuvalisha viatu vya mbio?"
Ndalahwa akalipa nusu.
Lugembe akanyamaza; nusu ina adabu yake.

Wiki tatu, chini ya jiwe lile kubwa
lililoegemea jingine kama limesinzia,
wakakata boneti, wakaunga mabomba,
kuku akataga nyuma ya bampa.
Jumapili likawaka.

Nisidanganye. Nilikuwamo.
Tuliiacha Igoma, tukaipita Kisesa,
filimbi ikaanza, nyembamba, kisha ikapanda,
mgongo wangu ukagandamizwa kwenye kiti,
majaruba ya mpunga yakawa mstari mmoja wa kijani,
ziwa likachungulia kushoto, likajificha,
na mume wangu akacheka kicheko
nilichokisikia mara ya mwisho kabla hajaanza kudaiwa.
Dakika nne. Labda tano.
Nami nikasema moyoni: haya, kanyaga.

Kabla ya Nyanguge, moshi mweupe.
Mshale wa joto ukalala kwenye wekundu kama umefika kwao.
Kimya. Maji yakidondoka kwenye lami, ti, ti,
na Ndalahwa alipojaribu ufunguo,
yule mwanamke akasema sentensi yake yote,
hakuna aliyemkatiza.

Tulivutwa na fuso la mashudu.
Injini ikauzwa kwa kilo, konokono kwa maneno ya kesho.

Jana nimekwenda Igogo kutafuta sufuria.
Wasubu wana tanuri la udongo,
na kinachopuliza moto ni konokono wa fedha,
mkanda umefungwa kwenye mota ya kukobolea,
filimbi ni ile ile, inapanda.
Ndani ya kalibu kipande cha silinda hedi
kinalainika, kinang'aa kama dagaa chini ya karabai.
Sikuuliza cha nani.
Nikachagua ya kilo mbili, bado vuguvugu.
"Hii haiharibiki, mama," akasema muuzaji.
Nikacheka mpaka akanitazama vibaya.

Ukurasa wa mwisho: sufuria, elfu ishirini na mbili.
Ndalahwa amekula ugali, akagonga ukingo kwa kijiko,
akasikiliza mlio.
"Ikipata mfuniko mzito," akasema,
"itachemsha haraka zaidi."