Kifuniko cha Chupa ya Chai

Julai, Wadi Kabir, saa tatu ya usiku,
bati la karakana bado linatema jua la mchana.
Nazima feni.
Anayechomelea chuma chembamba haruhusiwi upepo:
gesi ikipeperuka, mshono hutoka matundu matundu
kama mkate wa kumimina.

Vipimo kaniandikia Bi Zeyana
nyuma ya bahasha ya dawa,
mwandiko wa nesi mstaafu, tarakimu zimesimama wima:
mguu wa kulia sabini na nne,
wa kushoto sabini na mbili na nusu.
"Nyonga hii si yangu," alisema, akaigonga kama mlango.
"Titani. Na walionishona hawakuzima feni."

Bomba la juu halitaki.
Utotoni, Kikwajuni, alijifunzia baiskeli ya kaka yake,
mguu kaupenyeza chini ya bomba, kiwiliwili nje,
akienda kama kaa.
"Nimeshakwenda upande vya kutosha."
Nikamwambia fremu ya namna hiyo hulegea kiuno.
Akanitazama, nadhani, alivyowatazama wagonjwa
waliobishana na sindano.

Basi nikapinda mabomba mawili, pacha,
yakateremka toka shingoni hadi ekseli ya nyuma.

Nashusha barakoa. Dunia yabaki punje ya mtama:
kidimbwi cheupe, kinatetemeka.
Kulia tochi, kushoto waya,
chovya, sogea, chovya, sogea,
jasho laingia jichoni na jicho halina ruhusa.
Ukichelewa nusu pumzi
umeshafungua dirisha.

Alfajiri nikaipima juu ya meza.
Mkia umekwenda kushoto, milimita mbili.
Nani ataziona?
Nikanywa maji. Nikamtukana sijui nani.
Nikaikumbuka ile *na nusu* kwenye bahasha
nikawasha moto tena.

Chuma hakinyooki kikiwa chekundu.
Hunyooka kikipoa, polepole,
wewe umempa mgongo, unatafuta tupa.

Tupa, kisha msasa, kisha msasa laini,
kisha kidole, maana kidole hakidanganyiki.

Rangi aliniletea mkononi:
kifuniko cha chupa ya chai,
kijani kilichochoka, kilichofuliwa na jua la miaka thelathini ya veranda.
"Hii hii."
Nikampelekea Shaji kule Ghala, mwenye tanuri.
Siku ya tatu fremu ikaning'inia kwenye waya
kijani kikali, kipya,
jani la mgomba lililotoka kunyeshewa.
Moyo ukaniporomoka.
"Shaji! Si nilikupa kifuniko?"
Hakujibu. Alikitoa mfukoni, akakipindua,
akanionyesha ndani,
ambako jua halikuwahi kufika.

Bi Zeyana alikuja jioni, viatu vya raba chini ya abaya.
Alikitazama kifuniko, akaitazama fremu,
akakipindua mwenyewe, bila kuambiwa.
Kitambo hakusema neno.
Kisha akauliza kuhusu pedali ya kushoto.
Nimeipandishia kipande cha mpira, nikamwambia,
sentimita moja na nusu.

Alipita kati ya magari mabovu ya jirani,
akaizunguka pipa la mafuta machafu,
wima, uso mbele,
na pale kwenye kona nikasikia akifoka:

"Na kengele iko wapi?"