Daftari la Magari

Mimi ni mlinzi wa ghala, Kibaigwa, zamu ya usiku.
Nina rungu, tochi, koti zito lililoachwa na mlinzi wa kabla yangu,
na daftari la magari: namba, dereva, mzigo, kuingia, kutoka.
Likijaa, mwenye ghala husema litupwe.
Silitupi. Karatasi yake hunywa maji ya ua
kuliko kitambaa.

Alfajiri narudi kwa njia ya mashambani na kuchuma:
mbigili, naam, hiyohiyo iliyonitoboa ndala juzi,
ua lake la njano, dogo kama kifungo cha shati la mtoto;
kikulagembe, ambacho kwetu Ugogo ni mtundulu,
nusu zambarau iliyopauka, nusu manjano,
kama aliyevaa gizani;
ufuta; mlenda; na ua dume la boga,
ambalo Wendo hunihesabia nisizidishe.

Kwa muuza kahawa walicheka:
mwanamume mzima na ndevu zake anakandamiza maua!
Nikawaambia, wapo wanaokandamiza lumbesa
mpaka gunia linalia,
hao hamjawahi kuwacheka.

Kazi yenyewe ni ndogo ila ina adabu.
Ua lenye umande litaota ukungu.
La saa sita limekwisha kata tamaa.
Lilaze kifudifudi, nyoosha petali kwa ncha ya kijiti,
funika, kisha magunia matatu ya alizeti juu yake.
Halafu liache.
Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa:
siku ya pili nachungulia, nararua.

Nyemo, wa darasa la nne, ndiye aliyenipa sheria:
"Baba, usikate ua lenye mgeni."
Ndani ya boga nyuki alikuwa kazini,
unga wa manjano mpaka mapajani,
kama mtoto aliyeachwa peke yake na chungio.
Tukachutama. Hakuwa na haraka.
Jua likapanda, usingizi ukanipanda na mimi,
na yeye bado anajipaka.

Tangu hapo nangoja, na kwa kungoja nimewajua:
nyuki wadogo wasiouma, weusi kama mbegu za mchicha;
yule mnene avumaye kama pikipiki ya mbali,
ndiye huyo anayetoboa boriti yangu;
na nondo wa taa ya ghala, saa nane usiku,
wanaonipitia na vumbi la ua nisilolijua,
bila kusaini.

Mwaka huu jirani yetu Chibago alipuliza dawa
saa tatu asubuhi, saa ya nyuki.
Maboga ya Wendo yakachanua, yakaanguka.
Yakachanua, yakaanguka.
Akaja na daftari langu, kidole kwenye ua la mwaka jana:
"Unga huu bado uko hai?"
Hauko. Ua lililokaushwa hukumbuka rangi tu,
halizai.

Basi akachukua ua bichi na unyoya wa kuku,
akainama tangu kunapambazuka,
ua kwa ua, kama anayepaka mtoto dawa ya macho.
Yakashika kumi na moja.
Akajinyoosha, mkono kiunoni:
"Na wao hufanya hivi bure?"

Sikwenda kumsuta Chibago.
Nilimfungulia ukurasa: Fuso, mahindi, saa tisa usiku,
na juu ya wino, ua la boga, jembamba, linaonyesha maandishi.
Akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
Akauliza, huingia saa ngapi?
Nikamwandikia palepale, kwa mkono wangu wa kazini:

Namba: hana.
Dereva: hajulikani.
Mzigo: chavua.
Kuingia: saa kumi na mbili na robo.
Kutoka:

na hapo nikainua kalamu,
maana alikuwa bado ndani.